Kitabu Kimoja, Darasa Zima

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo baadhi yetu wataliona la anasa: kuwasomea watoto wa shule za msingi hadithi za mashujaa wa Wayunani wa kale. Najua swali litakaloulizwa kwanza. Shule haina vitabu vya kiada vya kutosha, sasa hao Wayunani wa nini? Jibu langu ni kwamba uhaba huo ndio hasa unaotupa sababu. Hadithi hizi hazikutungwa ili kila mtu ashike nakala yake. Zilitungwa zisikilizwe.

Hebu tuzitazame zenyewe. Tenzi mbili kubwa, Iliadi na Odisea, zinahusishwa na mshairi aitwaye Homer, na wataalamu wengi huziweka karibu na karne ya 8 kabla ya Kristo. Iliadi ina mistari zaidi ya 15,000, nayo inahusu hasira ya Achilles katika vita vya Troy. Odisea ina zaidi ya 12,000, nayo inamfuata Odysseus anayehangaika kurudi kwao. Alikaa vitani miaka 10, kisha akapotea njiani miaka 10 mingine.

Mtu awezaje kubeba maneno mengi hivyo kichwani? Kati ya mwaka 1933 na 1935, Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kurekodi waimbaji wa tenzi. Mmoja wao, Avdo Međedović, hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliimba utenzi wa mistari zaidi ya 12,000. Siri yake ni marudio. Mwimbaji ana akiba ya mafungu ya maneno: shujaa ana sifa yake isiyombanduka, alfajiri huingia kwa maneno yale yale, na karamu huandaliwa kwa utaratibu ule ule. Mafungu hayo humpa nafasi ya kuwaza kitakachofuata.

Jambo hili si geni kwetu. Wahaya wana tenzi zinazoimbwa kwa zeze la enanga, kama zile za Kachwenyanja na Rukiza. Kule mashariki ya Kongo, mwaka 1956, mtambaji Candi Rureke wa kabila la Wanyanga alisimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12, na masimulizi hayo yakatoka kitabuni mwaka 1969. Pwani, tenzi zilighaniwa mbele ya watu. Na sisi tuliokua na redio ya betri tunakumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, alichokiendesha Bi Deborah Mwenda. Redio ilikuwa moja, na nyumba nzima ilinyamaza.

Sasa twende Galula. Wengi wa mjini tunaujua Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya, kwa sababu ya mpaka wa Tunduma na foleni yake ya malori. Galula iko upande mwingine kabisa, katika bonde la Mto Songwe unaoteremka kwenda Ziwa Rukwa. Nimeichagua kwa sababu mwalimu wa hapo ana mlango wa kuingilia hadithi hizi ambao shule nyingi za mijini hazina.

Mlango huo ni mifupa. Jina la Galula limepewa tabaka zima la miamba myekundu, na wanasayansi duniani wanaijua kwa sababu hiyo. Katika miamba hiyo alipatikana Pakasuchus, aina ya mamba wa kale mwenye ukubwa wa paka, aliyetangazwa mwaka 2010. Mwaka 2014 likafuata dinosaria kubwa lililoitwa Rukwatitan, na mwaka 2017 likatangazwa jingine, Shingopana. Jina hilo halihitaji mkalimani: ni shingo pana.

Yanahusu nini na Homer? Wayunani nao waliokota mifupa mikubwa ardhini, wakasema ni ya mashujaa wa zamani. Mwanahistoria wao Herodotus anasimulia juu ya jeneza la dhiraa 7 lililodaiwa kuwa na mifupa ya Orestes. Mwaka 1914 mtaalamu wa Austria, Othenio Abel, alitoa dhana kwamba hata zimwi lenye jicho moja lilitokana na mafuvu ya tembo wa kale yaliyopatikana katika visiwa vya Bahari ya Mediterania. Fuvu la tembo lina tundu kubwa katikati, pale pua ilipo, na asiyemjua tembo angeweza kudhani ni tundu la jicho. Ni dhana tu, lakini mtoto wa Galula anaweza kuulizwa: ungekuta mfupa mkubwa kuliko wewe, ungesema ni wa nani? Akishajibu, yuko tayari kuingia katika pango la Polyphemus.

Mwalimu afanyeje, basi? Kwanza, asome mwenyewe usiku uliotangulia. Kama kitabu alicho nacho ni cha Kiingereza, asiwasomee watoto Kiingereza wasichokielewa. Aandae sehemu ya kesho kwa Kiswahili chepesi, aiandike daftarini. Pili, aandike majina ubaoni kabla ya kuanza, manne au matano tu. Tatu, asome kwa dakika 15 au 20 na aache mahali patamu, jiwe likiwa limeziba mlango wa pango. Kesho yake mtoto mmoja asimame awaeleze wenzake walikofikia. Huyo asimulie kwa maneno yake, maana ndipo mwalimu atakapojua nani alielewa.

Nne, awape watoto kazi ndani ya hadithi. Yale marudio niliyoyataja ni kiitikio kilichokwisha tengenezwa. Watoto waliozoea kujibu "Pakawa!" wakisikia "Paukwa!" watakidaka siku ya pili.

Tukae kidogo pale pangoni. Odysseus analidanganya zimwi kwamba jina lake ni Hakuna. Akishalipofua, jirani zake wanauliza kutoka nje: nani anakuumiza? Zimwi linalia: "Hakuna! Hakuna ananiumiza!" Jirani wanarudi kulala. Mwalimu asieleze kichekesho hicho. Anyamaze, asubiri. Mtoto mmoja atacheka, kisha watatu, kisha darasa zima, na somo la sarufi litakuwa limefundishwa bila chaki.

Yako mambo ya kuruka. Mwisho wa Odisea una mauaji mengi, na mwalimu ana haki ya kuyapita haraka. Lakini asiruke habari za mbwa Argos, anayemtambua bwana wake baada ya miaka 20, akatikisa mkia, akafa.

Nasikia mwingine akisema: hadithi zetu zinakufa, nawe unatuletea za Wayunani! Hoja hiyo ni nzito, na ninaikubali nusu. Zisisomwe peke yake. Siku ya Achilles iwe pia siku ya Fumo Liyongo wa pwani yetu. Inasemekana Achilles angeweza kuuawa kisiginoni tu, ingawa hilo halimo katika Iliadi, ni masimulizi ya baadaye. Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, na hata alipokwisha kufa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu waliogopa kuteka maji. Waulize watoto yupi alisalitiwa vibaya zaidi, kisha uone mabishano.

Tena Wayunani hawakuanza kuingia katika Kiswahili leo. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, unamtaja Herekali, yaani Heraclius, mfalme wa Constantinople. Mwaka 1971 S. S. Mushi alitupa Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles kwa Kiswahili. Lugha yetu iliwapokea bila kupungukiwa.

Ninachokihofia ni kingine. Mtoto anajifunza kusoma kwa kuunganisha silabi, kazi ngumu isiyo na utamu, na kama hajawahi kusikia kitabu kikisomwa vizuri, hajui anahangaikia nini. Anamaliza darasa la saba akiamini kitabu ni kitu cha mtihani. Kisha anaingia sekondari, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, na Kiswahili chake chenyewe hakijakomaa. Mtoto wa namna hiyo hayuko Galula tu. Yuko Kariakoo, yuko Mwanjelwa, pengine yuko sebuleni kwako.

Kwa hiyo, wewe uliye na uwezo wa kununua gazeti hili, nunua na kitabu kimoja cha hadithi. Zima televisheni dakika 15 kabla ya watoto kulala, uwasomee kwa sauti. Na ukifika mahali patamu, funga.