Amri Bora Inapoacha Kutuliza

Mwaka 1892 Mrusi Aleksandr Lyapunov aliuliza swali la uthabiti: mtambo ukisukumwa kidogo, utarudi mahali pake au utazidi kupotea? Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Marekani, alionyesha mwaka 1960 jinsi ya kupata amri bora, yaani zile zinazopunguza jumla ya gharama ya kosa na ya nguvu ya kulirekebisha. Kwa mtambo unaojulikana barabara, amri bora ya Kalman huja na uthabiti wake, chini ya masharti mepesi. Ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba ukipata kimoja umepata vyote. Sivyo.

Chukua mtambo ambao kosa lake, ukiuacha, huwa maradufu kila sekunde. Kila sekunde kidhibiti hupima kosa, hulizidisha kwa k, kisha huiamuru vali iondoe kiasi hicho. Tuseme nguvu ni ya bure. Vali ikitii, k = 2 humaliza kosa kwa hatua moja. Kelele ya nje, kama upepo unaoipiga ndege, haibadilishi k hiyo.

Vali yenyewe isipotabirika, hesabu hugeuka. Mara huzidisha, mara hupunguza: wastani wa utiifu wake, yaani sehemu ya amri inayotekelezwa, ni 1, na varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko wake, ni 0.25. Kila hatua, wastani wa mraba wa kosa huzidishwa kwa (2 − k)² + 0.25k². Kwa k = 2 unapata 1, maana yake wastani huo haupungui hata chembe, kwa kuwa amri kali imebeba kelele nyingi ya vali. Kwa k = 1.6 unapata 0.16 + 0.64, yaani 0.8, na kosa linafifia. Hapa tahadhari si woga. Ndiyo hesabu sahihi.

Varianzi ikifika theluthi moja, hata k iliyo bora kuliko zote, 1.5, hutoa 1. Ikivuka hapo hakuna k inayosaidia, na gharama ya muda mrefu haina kikomo. Michael Athans na wenzake wawili walikieleza kizingiti hiki mwaka 1977, na kwangu hakuna tokeo la nadharia ya udhibiti linalofundisha zaidi.

Mhandisi aliyegonga kizingiti asipoteze muda kutafuta k nyingine. Abadili vali, au apime na kuamuru kila nusu sekunde: kizingiti hupanda kutoka theluthi moja hadi 1. Lakini hilo hufaa tu ikiwa kila amri hukutana na bahati mpya. Vali iliyokwama itarudia kosa lilelile, hata ukiiamuru mara mbili.