Utangulizi: Kutoka Kufumbata Hadi Kuachia

Mpe mtoto wa siku mbili kidole chako. Atakifumbata kwa nguvu, na bibi aliyeketi kando ya kitanda atasema mjukuu amerithi mikono ya babu yake. Kufumbata huko kulianza angali tumboni. Kiganja kikiguswa, vidole vinajifunga vyenyewe pasipo mtoto kuamua, na tabia hiyo hufifia kati ya mwezi wa nne na wa sita. Kisha, kabla ya mwaka kwisha, mtoto huyohuyo anaokota punje ya wali mkekani kwa ncha za kidole gumba na cha shahada. Amefikaje huko? Kitabu hiki kinakukaribisha kwenye swali hilo, uwe muuguzi, mwanafunzi, au mzazi mwenye mtoto mapajani.

Watangulizi wetu walianza kwa kupanga hatua. Mwaka 1931 H. M. Halverson, huko Yale nchini Marekani, alichapisha uchunguzi wa picha za sinema za watoto wa wiki 16 hadi 52 wakiwekewa mchemraba mdogo mbele yao. Alieleza aina kumi za mshiko, tangu mtoto asiyeufikia kabisa hadi yule anayeushika kwa ncha za vidole. Kazi ile ilikuwa ya uvumilivu mkubwa, nami naiheshimu. Ila ilizoesha watu kuamini kwamba ubongo una saa yake, nayo ikigonga tu, mkono hutii.

Nionavyo mimi, aliyetutoa kwenye imani hiyo ni Esther Thelen. Mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha habari za watoto wanne tu, waliofuatiliwa wiki baada ya wiki kwa vipimo vya mwendo wa mikono. Wote walifaulu kukifikia kitu kati ya wiki ya 12 na ya 22, lakini hakuna aliyepita njia ya mwenzake. Wawili walikuwa na pupa: mikono yao ilipigapiga hewani, ikikipita kitu kwa kasi, hivyo walilazimika kujifunza kuituliza. Wengine wawili walikuwa wapole, na kazi yao ikawa kupata nguvu ya kutosha kuinua mkono dhidi ya uzito wake. Kila mmoja alipewa mwili wake na fumbo lake la kufumbua. Ndiyo maana nasikitika ninaposikia mama akiambiwa mwanawe "amechelewa" kwa sababu tu wa jirani alianza wiki tatu kabla.

Hata jicho tulilipa sifa kupita kiasi. Ilidhaniwa mtoto lazima autazame mkono wake, akitazame kitu, arudi kwenye mkono, hadi viwili vikutane. Rachel Clifton na wenzake, mwaka huohuo wa 1993, waliwawekea watoto gizani vitu vinavyong'aa au kutoa sauti. Mikono yao wenyewe hawakuiona, na bado walianza kuvigusa karibu katika umri uleule walioanza kufanya hivyo penye mwanga. Mwili una habari zake kuhusu mahali mkono ulipo.

Kisha kuna kiuno na mgongo, na hapa nakuomba msomaji usiwe na haraka. Mtoto asiyeweza kuketi mwenyewe mara nyingi hukifuata kitu kwa mikono miwili. Akishaweza kuketi bila kuegemezwa, mkono mmoja unatosha, kwa kuwa shina limetulia. Sasa tazama Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, ambako Charles Super alifanya utafiti uliochapishwa mwaka 1976. Kina mama huko waliwafundisha watoto kuketi kwa makusudi, hata kwa kuwachimbia kishimo kidogo na kukizungushia blanketi ili mgongo usianguke. Watoto hao waliketi mapema kuliko wa Marekani kwa takriban mwezi mmoja. Kutambaa, ambako hakuna aliyekufundisha, hawakukuwahi. Wenye kusema Mwafrika huzaliwa na misuli ya haraka hawakukitazama kile kishimo.

Sura ninayoipenda kuliko zote imewekwa mwishoni, nayo inahusu kuachia. Kushika hutangulia kwa miezi. Kufungua vidole kwa hiari, pale mtu anapotaka na si kitu kinapoponyoka, hukomaa kuelekea mwaka wa kwanza. Mtoto anayekitupa kijiko chini, akakuangalia, akangoja ukiokote ili akitupe tena, yumo kazini. Mwokotee, kisha utazame kidole kipi kinafunguka kwanza.