Mita Moja Nyuma ya Tabo

Ekzosi ya gari lenye tabo hufanya kazi ambayo ekzosi ya gari la kawaida haiijui: inaamua tabo izunguke kwa wepesi kiasi gani. Moshi unaotoka kwenye silinda, ukiwa na joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi injini inapokamuliwa, hupita kwanza kwenye gurudumu la tabini. Gurudumu hilo limefungwa kwenye mhimili mmoja na feni inayosukuma hewa kuingia kwenye injini, na likikolea huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya mpango huo mwaka 1905, na fizikia yake haijabadilika tangu hapo.

Tabini haizungushwi na wingi wa moshi peke yake. Inazungushwa na tofauti ya presha kati ya upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Tuseme presha kabla ya tabini ni kilopaskali 250 na baada yake ni 130, kwa kuwa bomba la nyuma limebana. Uwiano wake ni kama 1.9. Bomba likipanuliwa hadi presha ya nyuma ishuke kufikia 110, uwiano unapanda hadi karibu 2.3, na tabini inavuna kazi kubwa zaidi kutoka kwenye moshi uleule. Dereva atakachohisi ni tabo kuamka mapema zaidi. Kisha, ikishafikia kiwango chake, pistoni nazo hupata nafuu kwa sababu hazisukumi tena moshi dhidi ya mlima ule wa presha.

Hapo ndipo inapoanguka imani iliyozoeleka gereji kwamba injini “lazima ibanwe kidogo nyuma” ili iwe na nguvu. Imani hiyo ina chimbuko. Kwenye injini isiyo na tabo, urefu na upana wa mabomba hupimwa ili mawimbi ya presha yarudi kwa wakati unaofaa na kusaidia kufyonza moshi uliobaki kwenye silinda, hivyo bomba pana kupita kiasi huharibu hesabu hiyo. Kwenye gari la tabo, tabini huyavunja mawimbi hayo kwa sehemu kubwa kabla hayajafika nyuma. Kinachobaki kutafutwa baada yake ni njia nyeupe tu.

Mfano unaofahamika vizuri Afrika Mashariki ni Subaru Impreza WRX STI, gari ambalo jina lake lilikuzwa na Safari Rally: Colin McRae aliishinda mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Matoleo ya Japani hutumia injini ya EJ20 yenye sentimita za ujazo 1,994 na silinda nne zilizolazwa, mbili kila upande. Tabo imekaa nyuma ya injini, upande wa kulia. Silinda ya 1 na ya 3 ziko kulia, ya 2 na ya 4 ziko kushoto, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Maana yake ni kwamba upande wa kulia hulipuka mara mbili, kisha wa kushoto mara mbili, na moshi wa kushoto hulazimika kupita chini ya injini kabla ya kuifikia tabo. Vishindo vinachelewana, na hapo unazaliwa mngurumo wa kukatakata unaolitambulisha gari hilo kabla halijatokea konani. STI za Japani za miaka ya 2000 zilizofungwa tabo ya njia mbili zilipewa manifoldi yenye mabomba ya urefu ulio sawa, na mngurumo ule ukatoweka. Mwenye gari la manifoldi ya zamani anayekimbilia kufunga ya urefu sawa ajue hivyo mapema: atapata mtiririko mzuri zaidi, na atapoteza sauti iliyomfanya alipende gari.

Faida kubwa haiko huko mbele wala kwenye sailensa inayong’aa nyuma. Iko kwenye bomba la kushukia, ambalo mafundi huliita daunipaipu, yaani takriban mita moja ya kwanza baada ya tabo. Injini ya lita mbili yenye nguvu za farasi 280 humeza karibu kilo 0.2 za hewa kila sekunde. Hewa hiyo ikitoka kama moshi wa nyuzi 700 hivi, ujazo wake ni zaidi ya nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Ndani ya bomba la milimita 63, moshi huo hukimbia kwa mita 180 hivi kwa sekunde. Ndani ya bomba la milimita 76, yaani inchi tatu, mwendo unashuka hadi kama 120. Upana umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini eneo la ndani limeongezeka kwa karibu asilimia 45. Na kwa kuwa presha inayopotea kwa msuguano hupungua kwa kiasi cha kipenyo kilichopandishwa hadi kipeo cha tano, hasara hiyo inabaki kama asilimia 40 ya ile ya mwanzo. Baada ya hapo moshi unapoa, unasinyaa, na mahitaji yake ya nafasi yanapungua kadiri unavyokwenda nyuma.

Umbo nalo lina uzito wake. Kando ya tabini kuna westigeti, kilango kinachopitisha moshi wa ziada bila kuigusa tabini ili presha ya tabo isivuke mpaka. Moshi wa kilango hicho ukitupwa katikati ya ule unaotoka kwenye tabini, huzua msukosuko pale pale mdomoni. Daunipaipu nzuri huwa na mdomo mpana, au huipa westigeti njia yake na kuziunganisha mbele kidogo. Kona za bomba zinapaswa kukunjwa kwa mashine yenye kiini cha ndani, kwa sababu bomba lililokunjwa hivi hivi hubonyea kama mrija wa soda, na inchi tatu zinageuka mbili na nusu pale kwenye kona.

Ndani ya daunipaipu ya kiwandani hukaa masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi. Vijitundu vyake vimepakwa platini, paladi na rodi, na vikishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 huanza kugeuza monoksidi ya kaboni, mabaki ya petroli na oksidi za nitrojeni kuwa gesi zenye madhara madogo, kwa zaidi ya asilimia 90. Risasi kwenye petroli huyaua kabisa. Ndiyo maana yalianza kuwa na maana katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara pale petroli yenye risasi ilipoondolewa sokoni mwanzoni mwa 2006. Kuyang’oa na kuyauza kwa wanunuzi wa vyuma ni biashara ya kawaida, na ni hasara. Masega ya kisasa yenye vijitundu vipana huzuia moshi kidogo tu, na tofauti yake na bomba tupu kwenye gari la barabarani ni ndogo kuliko kelele na harufu inayofuata.

Tatizo halisi la kubadilisha daunipaipu liko kwenye kompyuta ya gari. Moshi ukipata njia nyeupe, tabo hupata nguvu ya kupita kiasi, na westigeti ya kiwandani inaweza kushindwa kumwaga ziada. Presha basi hupanda yenyewe kadiri injini inavyozungushwa. Kompyuta ikishtuka hukata petroli ghafla. Isiposhtuka, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa mchanganyiko unaotakiwa chini ya presha kubwa ni kama sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli, na hewa ikizidi huku moto wa plagi ukija mapema, injini huanza kugonga. Injini za familia ya EJ, hasa zile za lita 2.5, zinajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni kati ya ringi. STI iliyoletwa kutoka Japani iko hatarini zaidi, kwani ramani ya kompyuta yake iliandikwa kwa petroli ya huko yenye oktani 98 hadi 100, na petroli ya kawaida ya Nairobi au Dar es Salaam iko chini ya hapo. Bomba na programu mpya ni vitu vya kununuliwa siku moja.

Sailensa ya nyuma huongeza nguvu kidogo na kelele nyingi. Zile za vyumba hurudisha mawimbi ya sauti ili yauane yenyewe kwa yenyewe. Zile za kupita moja kwa moja huwa na bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo inayomeza sauti. Aina ya pili hubana kidogo, ila huleta mvumo unaochosha masikio katika safari ndefu. Injini ya silinda nne ikiwa kwenye mizunguko 3,000 hulipuka mara 100 kwa sekunde, na sauti hiyo ya hezi 100 hulijaza bodi la gari. Dawa yake ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi. Katika moshi wa nyuzi 350, ambamo sauti husafiri mita 500 hivi kwa sekunde, urefu huo ni mita 1.25. Si rahisi kuupatia nafasi chini ya gari linalopaswa pia kuvuka matuta.

Kuhusu chuma, pua isiyoshika kutu ya daraja la 304 hudumu zaidi kuliko 409 ya bei nafuu, ila hutanuka sana: kipande cha mita moja kikipanda joto kwa nyuzi 600 hurefuka kwa karibu sentimita moja. Bomba lisilo na kipande cha kunyumbuka litapasuka kwenye viungo vya kuchomelea, au litavuta stadi za tabo hadi zikatike. Gasketi za zamani zisirudishwe, na nati zikazwe tena baada ya bomba kupata moto na kupoa mara chache. Uvujaji mdogo kabla ya sensa ya oksijeni huingiza hewa ya nje, na kompyuta, ikidhani petroli ni pungufu, huimwaga bila sababu.