Jalala laweza kuwa bustani, lakini si ya mchicha

Mzazi, umewahi kuona maboga na mchicha vilivyojiotea jalalani? Majani mapana, kijani kizito, na wengi huchuma wakapika. Kabla mboga hiyo haijafika kwenye sahani ya mtoto wako hapa Ukata, tujifunze kwa wenzetu.

Jijini Nairobi, kando ya mto, kulikuwa na eneo la taka na maficho ya vibaka. Mwaka 2008 aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, alisimamia kulisafisha na kupanda miti. Alifariki Februari 2012, na baadaye bustani hiyo yenye jina lake ikazorota, hadi ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2020. Cairo, Misri, nako rundo la taka na vifusi la miaka 500 liligeuzwa Bustani ya Al-Azhar ya hekta 30, iliyofunguliwa mwaka 2005.

Kote kuwili kazi ilianza kwa kuondoa uchafu. Ndipo ikapandwa miti ya kivuli na maua, watu wakapata pa kupumzika.

Kwa nini isiwe shamba la mboga? Betri kuukuu na mabaki ya rangi huacha madini ya risasi kwenye udongo, na hayaozi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ndio huumia. Kuosha mboga huondoa vumbi, si kilichokwisha kuingia ndani ya jani.

Fanya haya nyumbani:

- Maganda na majani yawe na shimo lake. Hayo ndiyo mbolea ya bustani yako.
- Betri na makopo ya rangi yasiingie humo, wala yasichomwe.
- Mboga panda kwenye udongo safi, hata ndani ya gunia.
- Watoto wasichezee jalalani, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Jalala la mtaa likifungwa, pelekeni hoja kwenye mkutano wa kijiji: liondolewe taka, lifunikwe udongo safi, lipandwe miti, na apatikane wa kulitunza. Bila mtunzaji, Nairobi imetuonyesha, bustani hurudi kuwa pori.