UZI: "Bima ya mazao" tunayoahidiwa jukwaani ni nini hasa?

1/ Kampeni ikifika Nyeri, Karatina au Nanyuki, lazima mtu aseme: "Mkulima atapata bima!" Tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Mimi nalima waru Kieni, kwenye ukame, kwa hivyo nilitaka kuelewa.

2/ Bima nyingi za mkulima mdogo hazikagui shamba lako. Zinapima mvua ya eneo, ama wastani wa mavuno ya eneo zima. Kipimo kikishuka chini ya kiwango cha mkataba, wote waliokata bima hapo wanalipwa.

3/ Si ndoto. Mwaka wa 2009 Kilimo Salama ilianza hapa jirani, Laikipia: ulikuwa unalipia bima ukinunua mbegu na mbolea, kituo cha hali ya hewa kilipima mvua, fidia iliingia M-Pesa.

4/ Uzuri wake ni bei. Kutuma mkaguzi kwa kila robo ekari kungemeza ada yote. Ubaya: mvua ya mawe ikipiga kwako pekee, wastani wa eneo haushtuki. Hulipwi. Yalinipata msimu mmoja, nikadhani nimeibiwa. Kumbe mkataba ulisema, ni mimi sikusoma.

5/ Sasa wadau, akija muulizeni matatu:
– Eneo linalopimwa ni wadi ama kaunti nzima?
– Ruzuku ya ada ikiisha, nani atalipa?
– Fidia inafika lini? Ikikuja baada ya mvua ya kupanda, ushakopa mbegu tayari.

Asipojibu, hiyo si bima. Ni makofi tu.