Pwani ipi inaweza kubeba minara ya upepo?

Ukisimama kwenye ufukwe wa kokoto wa Brighton, kusini mwa Uingereza, siku ambayo hewa ni safi, huoni tena bahari tupu ikikutana na mbingu. Imesimama huko minara 116 ya kufua umeme kwa upepo. Ni mradi wa Rampion, uliokamilika mwaka 2018, wenye uwezo wa megawati 400. Mnara ulio karibu uko kilomita 13 hivi kutoka nchi kavu, na panga likielekea juu, ncha yake hufika mita 140.

Mtu aliyesimama ufukweni, upeo wa macho yake huishia kama kilomita 5 tu, kwa sababu ya mviringo wa dunia. Lakini kitu cha urefu wa mita 140, ncha yake haizami mpaka kipite kilomita 40 na ushei. Kinachoificha kabla ya hapo ni ukungu. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kuisogeza minara mbele kidogo kutamaliza ugomvi kuhusu mandhari wanajidanganya.

Nuru nayo ina mambo yake. Brighton hutazama kusini, na huko mchana jua hukaa kusini. Minara hupakwa rangi hafifu ili ipotee mbinguni, lakini jua likiwa nyuma yake huonekana myeusi. Jioni ya kiangazi, jua likitelemkia kaskazini-magharibi, minara ile ile hung'aa. Usiku hubaki taa nyekundu za kuonya ndege.

Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la kipimo. Bahari tupu haipimiki. Jicho halijui inaanza wapi kuwa mbali. Ukisimamisha minara, jicho limepata rula. Chombo cha uvuvi kikipita mbele yake hunywea, na bahari yenyewe huonekana ina mwisho.

Hata hivyo Brighton imeistahimili. Ni mji uliokwisha kujijengea baharini: una gati la starehe lenye mabembea na taa, na tangu 2016 una mnara wa watalii wa i360, wenye urefu wa mita 162, unaoipita mitambo yenyewe. Sasa kuna boti zinazopeleka wageni kuitazama kwa karibu.

Magharibi zaidi mambo yalikwenda vingine. Mradi wa Navitus Bay, wa hadi megawati 970, ulipangwa mbele ya majabali ya Dorset yanayoitwa Jurassic Coast, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka ule ule wa Mji Mkongwe wa Lamu. Septemba 2015 serikali iliukataa, na hoja kubwa ilikuwa mandhari. Watu hupanda majabali yale ili waone bahari isiyo na kitu. Ukiijaza, umeondoa kilichowaleta.

Na umbali peke yake hauamui. Mitambo ya Middelgrunden, nje ya Copenhagen, iko kilomita 3.5 hivi tu kutoka bandarini, tangu mwaka 2000, na jiji limeifanya sehemu ya sura yake. Mpango wa kwanza ulikuwa wa minara 27 katika safu tatu. Wananchi walipoulizwa maoni, ikapunguzwa hadi 20 na kupangwa upinde mmoja ambao jicho huusoma mara moja, bila mapanga kurundikana. Nusu ya mradi ikamilikiwa na ushirika wa wakazi zaidi ya 8,000. Mwenye hisa yake haoni takataka baharini. Anaona mali yake ikizunguka.

Ndiyo maana naona uamuzi wa 2015 kuhusu Navitus Bay ulikuwa wa haki, na Rampion pia ilistahili kujengwa. Swali la kwanza lisiwe minara mingapi, bali pwani hii ilikuwa ya namna gani kabla yake, na nani aliulizwa.

Brighton lakini haijamaliza. Aprili 2025 serikali iliidhinisha Rampion ya pili: hadi minara 90, na ncha zinaruhusiwa kufika mita 325, maradufu ya i360. Kwa urefu huo, hata Brighton sithubutu kuidhamini.