Je, Wajua? Vitamini, VVU na Moyo

Je, wajua kwamba utafiti mkubwa wa vitamini na VVU ulifanyika Dar es Salaam? Kuanzia mwaka 1995 waliandikishwa wajawazito 1,078 wenye VVU, enzi ambazo ARV zilikuwa hazijawafikia wengi. Kati ya waliopewa vitamini B, C na E, asilimia 24.7 walifika hatua ya nne ya ugonjwa au kufariki. Kwa waliopewa vidonge vitupu, ilikuwa asilimia 31.1.

Je, wajua kwamba vitamini A ilileta kinyume? Katika utafiti huohuo, ilipotolewa kwa mama, maambukizi kwa watoto yaliongezeka.

Je, wajua kwamba kuzidisha si kufaidi? ARV zilipopatikana, watu 3,418 walioanza dozi jijini humo walipewa vitamini, wengine kipimo cha kawaida, wengine kikubwa. Utafiti ulisitishwa mapema mwaka 2009: kipimo kikubwa hakikuokoa maisha zaidi, na vipimo vya ini vilianza kuonyesha kasoro.

Je, wajua kwamba anayeishi na VVU ana hatari ya ugonjwa wa moyo inayokaribia mara mbili ya mwingine? Hata virusi vikifubazwa, kinga ya mwili haitulii kabisa, na mishipa ya damu ndiyo inayoumia.

Je, wajua kwamba vitamini E haikuulinda moyo? Ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 9,000 wa umri wa miaka 55 na kuendelea waliokuwa hatarini kupata maradhi ya moyo, na matokeo ya mwaka 2000 hayakuonyesha nafuu yoyote. Kilichofaulu kwa wenye VVU ni pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu. Katika utafiti wa watu 7,769 kutoka nchi 12, Uganda ikiwemo, ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35.

Je, wajua kwamba madini ya chuma na kalisi hupunguza nguvu ya dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha TLD? Ukimeza TLD na vidonge vya madini hayo pamoja wakati wa kula, hakuna shida. Tumbo likiwa tupu, meza TLD saa mbili kabla ya vidonge vya kuongeza damu, au saa sita baada yake.

Ukienda kliniki, mtajie mhudumu kila kidonge unachomeza, hata ulichonunua mwenyewe duka la dawa. Kisha mwombe akupime presha.